Orodha Tupu Nje ya Kitanzi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, ingawa najua hakuna wa kuitikia.

Mkuu wa shule amenipa kipindi chako. Alisema kidato cha tatu wameishia katikati ya somo la Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na hapa Basotu hakuna mwingine anayeijua isipokuwa mimi, mwalimu wa biolojia uliyemfundisha mwenyewe. Nilikubali. Siku hizi nakubali kila kitu.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ilikuwa likizo, nyumbani Bashay, tunapukuchua mahindi na mama, kompyuta yako juu ya gunia. Ulitaka niandike orodha ya ng'ombe wa baba, kila jina liongezwe kwa amri ya append. Nilipoendesha programu likatoka jina moja tu, la ng'ombe wa mwisho. Mama akauliza wengine wameuzwa lini. Ulicheka mpaka ukashika ubavu, kisha ukaniambia, "Umeweka orodha tupu ndani ya kitanzi, pale amri zinaporudiwa. Kila kikizunguka unaanza upya. Itoe nje, ikae juu."

Jumatatu niliingia kwenye chumba cha kompyuta. Wanafunzi waliniamkia, wakakaa, hakuna aliyenitazama usoni. Nikawapa kazi ya kukusanya majina ya darasa zima. Paulina, yule wa mbele uliyekuwa ukimsifia, akapata jina moja. Nikamwambia orodha tupu aitoe nje ya kitanzi. Akaitoa, akaendesha tena, majina yote yakashuka kwenye kioo.

Akasema taratibu, "Mwalimu alitufundisha hivi hivi siku ya mwisho. Nilisahau."

Akainamia meza, akalia. Wenzake nao wakalia. Mimi nilisimama na chaki mkononi, nikasubiri nilie pamoja nao. Sikulia. Nikafuta ubao.

Hata msibani sikulia, na mashangazi walinisema. Mama aliniletea uji, akakaa karibu mpaka nikaumaliza.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile hospitali uliniomba nisiondoke. Nikakwambia naenda kuchukua maji ya moto, narudi sasa hivi. Nilikuta foleni, nikapanga. Niliporudi, muuguzi alikuwa ameshakufunika shuka. Nikakumiminia kikombe hivyo hivyo, nikakiweka kando ya kitanda, nikakishika mpaka kikapoa.

Kwa hiyo sikukuaga. Nakuaga leo, dada. Samahani nimechelewa.

Mdogo wako