Jumamosi Niliyomwalika Nasrin

Walthamstow, London
Jumatano jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Na kamwene pia, salamu ya kwetu, maana huku sina wa kumwambia neno hilo akaniitikia kama unavyoitikia wewe. Kifua kimetulia? Mama anasema ulimjibu kwamba hukohoi tena, lakini wewe hata ukiwa na homa husema umechoka kidogo tu, ndiyo maana nauliza mwenyewe. Bibi anakula vizuri? Na Tulizo ameanza kulala bila kudai taa iachwe inawaka? Mwambie dada yake naye bado hapendi giza, asione haya.

Sisi huku tunaendelea. Mama anakwenda kazini kwake kuwahudumia wazee, anarudi miguu imevimba, anailoweka kwenye maji ya chumvi na kesho anakwenda tena. Mjomba Festo bado anatafuta chumba. Mimi ni mzima wa mwili.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu yetu unaijua, Baba. Mama anaiweka spika juu ya meza, Mjomba anasalimia, anayepita anasalimia, na zamu yangu ikifika nasema "sijambo, shule nzuri," basi, imeisha. Nina jambo ambalo haliwezi kusemwa mbele ya meza nzima.

Hapa ni majira ya majani kupukutika. Miti ya mtaani imekuwa ya rangi ya kutu, na mvua ikinyesha majani yanagandana njiani mpaka unateleza. Mama hataki niwe nje giza likishaingia, na siku hizi giza linaingia nikiwa bado kwenye basi la kutoka shule. Kwa hiyo ni shule, basi, nyumbani. Tunakaa juu ya duka la masanduku ya safari, kwenye ule mtaa wa soko, na kelele za wauzaji zinapanda mpaka dirishani. Kile chumba kidogo kilichokuwa changu nilimpisha Mjomba Festo alipokuja wakati wa Pasaka kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo hazijaisha. Sasa nalala sebuleni kwenye kochi, na kukishapambazuka sebule ni ya kila mtu. Mpira unaangaliwa humo, nguo zinapigwa pasi humo, simu za Tanzania zinapigwa humo. Silalamiki kwamba nimepewa kidogo, najua wengine hawana hata kochi. Ila sina mlango, Baba. Tangu Pasaka sijawahi kufunga mlango nikawa peke yangu, isipokuwa mlango wa bafuni, na huko nikichelewa Mama anagonga: "Faraja, tumbo?"

Mwezi uliopita mwalimu wa darasa letu alitupa zoezi la kwenye mtandao la kupima tabia. Unajibu maswali, kisha unaambiwa wewe ni mtu wa namna gani. Langu lilisema mimi ni mtu anayeishi zaidi ndani ya mawazo yake, kwamba watu wengi wananichosha hata kama nawapenda, na kwamba kukaa kimya si ugonjwa. Nililisoma mara nyingi. Sijui kama ni sayansi kweli, lakini nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa jina lake limeandikwa mahali. Nilikukumbuka wewe unavyokaa nyuma ya nyumba na magazeti ya zamani, watu wakisema "mwalimu anaringa," na wala huringi.

Chini ya majibu kulikuwa na mapendekezo ya kumfaa mtu kama mimi katika majira haya: jioni ya filamu nyumbani. Uzime taa kubwa, uwashe taa ndogo yenye mwanga wa njano. Blanketi. Kinywaji cha moto chenye mdalasini. Filamu ya polepole isiyo na kelele. Na mtu mmoja tu unayemwamini. Hapo kwenye mdalasini nilicheka, maana chai yetu ina mdalasini tangu nizaliwe. Lakini hayo mengine niliyataka kwa namna ambayo hata sasa naona aibu kidogo kuieleza. Nilitaka jioni moja tu iwe yangu.

Nilimwambia Mama akiwa anamenya vitunguu.

"Kwa hiyo kompyuta ndiyo imekwambia hupendi watu?" akauliza.

"Haikusema hivyo, Mama. Imesema nachoka haraka nikiwa na watu wengi."

"Nani asiyechoka? Mimi hapa sichoki?"

Mjomba Festo akadakia kutoka sebuleni: "Na mimi nipimwe! Yangu itasema kijana anapenda mpira na ugali, asisumbuliwe."

"Kijana yuko wapi hapo?" Mama akamjibu, na tukacheka wote. Kisha akaniuliza ni nani huyo mtu mmoja. Nikamwambia ni Nasrin. Akaacha kisu. "Una rafiki?" akasema. "Mlete, mwanangu. Tutampokea."

Nikueleze kuhusu Nasrin. Wazazi wake wametoka Bangladesh, yeye amezaliwa hapa hapa. Tunakaa meza moja maktabani wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu yeye ana ruhusa ya kutokwenda kwenye ukumbi wa kulia. Watu wakiwa wengi kifua kinambana, anashindwa kuvuta pumzi. Mwanzoni tulikuwa hatuongei kabisa, kila mmoja na kitabu chake. Sasa tunaongea, siyo sana. Katika shule nzima yenye watoto wote wale, nina yeye tu, na nadhani yeye ana mimi tu. Nilipomwalika alifikiri siku mbili kabla ya kujibu. Aliuliza, "Nani wengine watakuwepo?" Nikamwambia hakuna. Mjomba atakwenda kuangalia mpira kwa rafiki yake, Mama atakuwa kwenye jumuiya yetu ya sala, ambayo Jumamosi ile ilikuwa zamu ya nyumba nyingine. "Tutakuwa wawili tu," nikamwahidi. Ndipo akakubali.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Mama ameinjika lile sufuria kubwa.

"Mama, sisi tuko wawili."

"Na pilau la watu wawili linapikwaje? Hebu nionyeshe. Nyama nimenunua kwa muuza nyama wa Kiislamu, asije mtoto wa watu akakaa na njaa kwangu."

Alikuwa ametoka zamu ya usiku na alikuwa hajalala. Ningesemaje?

Nasrin alikuja jioni akiwa na soksi nene za sufu na boksi la biskuti. Nilikuwa nimefunga pazia, nimewasha taa ndogo, nimetandika blanketi kwenye kochi na kuweka chupa ya chai karibu. Filamu ilikuwa ya mwanamke anayetengeneza saa mbovu katika mji wenye theluji. Maneno machache mno. Nasrin akakunja miguu, akashika kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Hapa ni pazuri." Baba, kama ningeweza kusimamisha jioni ile hapo ningeisimamisha.

Yule mwanamke wa kwenye filamu hajamaliza hata kufungua saa ya kwanza, kengele ikalia. Ilikuwa ni jumuiya. Jumuiya nzima, Baba. Mama alikuwa amewaomba waihamishie kwetu. Mama Tumaini anayeiongoza mbele, wengine nyuma yake na vitenge na mabakuli, Mama mwenyewe kati yao, "Hodi humu ndani! Bwana asifiwe! Mbona mmekaa gizani kama msiba?" Mtu akawasha taa kubwa. Mtu mwingine akalikunja blanketi langu vizuri sana na kulikalia. Mjomba Festo naye akarudi. Mama akamuuliza, "Mpira umekwisha?" akajibu, "Mpira upo, lakini pilau nimelisikia mpaka kituo cha basi."

Mimi nilikuwa nimeshapewa sinia. Ningeweza kusema kitu wakati ule, lakini unajua mtoto mwenye sinia la vikombe mbele ya akina mama kumi hasemi kitu, anasema "karibu" na kupiga magoti kidogo. Nilimwangalia Nasrin kila nilipozunguka. Alikuwa amesogea pembeni ya kochi mpaka hakuna tena pembeni.

Wakaimba wimbo mmoja. Kisha Mama Tumaini akasema ile sentensi tuliyokua nayo sote: "Tuna mgeni leo. Mgeni asimame atusalimie." Akamgeukia Nasrin akamwambia kwa Kiingereza, kwa upole wote, asimame, aseme jina lake, anatoka wapi, na neno moja la salamu. Sisi tumezoea, Baba. Kwetu mgeni asiposimamishwa anaweza kusema hakupokewa. Nasrin akasimama. Midomo ilifunguka, jina halikutoka. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Anaona haya, maskini," Mama akasema akitabasamu. "Tumpe moyo."

"Makofi ya kilo kwa mgeni!" akadakia mmoja wao.

Wakapiga makofi ya kilo, yale ya pamoja yenye mshindo. Nyumba ile ndogo ilitikisika. Nasrin akapita katikati yao akaenda bafuni, nikasikia kitasa kikifungwa.

Akina mama wakatoka wote kwenye korido. "Tumbo?" "Lakini hajala bado." "Labda ni presha, mleteni maji ya tangawizi." Mama mmoja akaweka kiganja mlangoni akaanza kuomba kwa sauti, na wengine wakamfuatisha. Nikapenya katikati yao nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Nasrin, ni mimi."

Akajibu taratibu sana: "Ulisema wawili."

Sijui sauti ilitoka wapi. Niligeuka nikasema, "Naomba mtoke. Tafadhali. Naomba wote mwende nyumbani."

Maombi yakakatika. Mama akaniangalia kama vile nimeongea lugha asiyoijua. "Faraja. Unamwambia nani?"

"Nawaambia wote, Mama."

Mama Tumaini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama kutafuta viatu vyake. Hakuna aliyeninyanyulia sauti. Walitoka mmoja mmoja, wakimgusa Mama begani, na sufuria la pilau lilikuwa halijafunuliwa. Wewe unajua maana ya wageni kutoka kwenye nyumba ya mtu na sufuria limefunikwa.

Nasrin alitoka bafuni baba yake alipokuja kumchukua. Alinirudishia kikombe, akashuka naye. Nilidhani imekwisha. Lakini Jumatatu, nilipoingia maktabani, mkoba wake ulikuwa juu ya kiti changu kunishikia nafasi. Akauliza, "Mama yako alikasirika?" Nikasema sana. Akasema, "Siku nyingine njoo kwetu. Nina kaka wanne lakini nitawafukuza." Tukarudi kwenye vitabu vyetu.

Kwa hiyo rafiki sikumpoteza. Ni nyumbani ndiko nimekwama. Mama ananiambia "kula," "funga dirisha," na basi. Hata tumbo haniulizi. Mjomba anaangalia mpira bila sauti. Nimeupata ule ukimya niliokuwa nautaka, na siwezi kusoma ndani yake hata ukurasa mmoja. Uamuzi wa Mama ni kwamba Jumamosi hii nitakwenda kwenye jumuiya, nisimame mbele ya wote na kuomba radhi. Nilimwambia nitapiga magoti kwake hapa jikoni hata sasa hivi. Akasema, "Aibu hukunitia jikoni."

Jana nilikwenda kwa Mama Tumaini. Nilisikia anakuja Mafinga kwao kwa likizo na nikataka kumwomba akuletee barua hii mkononi. Alifungua mlango akiwa amevaa sare ya kazi.

"Mfukuza wageni," akasema. "Ingia, mimi sikufukuzi."

Nikamwamkia, nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Unajua Jumamosi ile nilikuwa nimetoka kazini bila kulala? Nilitaka kitanda changu. Mama yako alinipigia simu mara mbili. Alisema, 'Njooni, mwanangu amepata rafiki. Miaka miwili hajaleta mtu. Asije huyo mtoto akakuta nyumba haina watu, akadhani Faraja hana kwao.' Alikuwa analia, Faraja. Sasa nani angelala?"

Niliomba mtu mmoja, Mama akasikia kwamba mwanawe hana watu, akaniletea watu wote alio nao. Nami nikawatoa nje.

Barua nitaikabidhi kesho, kabla ya Jumamosi, kwa hiyo siwezi kungoja ushauri wako. Nimefikiri hivi. Nitasimama. Siwezi kusema nilikosea kumwondolea Nasrin watu, kwa sababu nikirudishwa kwenye korido ile nitafanya vilevile, na wewe ulinifundisha nisiombe radhi ya uongo. Nitasema nimewakosea heshima, na kwamba nawashukuru kwa kuja wakiwa hawajalala. Kisha nitamgeukia Mama na kumwambia mbele yao kwamba mimi nina kwetu, ni kwake. Kama sauti itagoma, angalau nitakuwa nimesimama. Utakapokuwa unasoma, Mama Tumaini atakuwa amekaa mbele yako na atakuwa anajua kilichotokea. Mimi hapa bado sijui.

Nisalimie Bibi na umwambie sijasahau kusali. Msalimie Tulizo, na yule mzee wa maktaba ya shuleni kwako aliyekuwa ananiachia funguo, na mama jirani anayetuazima ungo. Mwandalie Mama Tumaini chakula kizuri, Baba. Na umfunulie sufuria mapema.

Mwanao anayekupenda,
Faraja