Adui wa Wagiriki wa Baba

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mgongo wako umetulia. Sisi huku hatujambo kiasi. Mama anakula, anatembea mpaka getini na kurudi, na bado ananigombeza kwa viatu ninavyovaa, kwa hiyo ujue afya anayo. Kazini, watu wanazidi kung'oka meno nami nazidi kutengeneza ya bandia.

Tangu tumzike Baba, miezi minne sasa, nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo naanzia kwenye jambo dogo, wale askari wake, maana ndiko mambo yalikoanzia.

Unawakumbuka. Wagiriki wa bati mia na ishirini, kila mmoja urefu wa kidole gumba, ambao Baba alikuwa akiwapaka rangi ngao moja moja baada ya kusahihisha madaftari ya shule. Mama alisema ameolewa na jeshi lisilokula lakini linalolala mezani. Miaka yote Baba alipigana na jirani yetu mfamasia, aliyekuwa na Waajemi. Walipima mwendo kwa rula, wakarusha dadu, wakabishana kama mawakili. Mfamasia alipofariki mwaka jana, wanawe waliwagawa wale Waajemi ovyo. Mmoja nilimkuta mferejini, hana kichwa.

Baba akabaki na jeshi lisilo na adui. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumbana, na daktari alituambia mimi na Mama tusitegemee mwaka. Nikasema moyoni, angalau nimtafutie mtu wa kupigana naye. Haikuwa kazi rahisi, maana mwalimu wa historia hakubali adui wa kuokoteza. Mwenzake aliyefundisha hesabu alileta wapanda farasi wa deraya. Baba akamweleza kwa upole kwamba hao walizaliwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya Wagiriki wake kuoza. Fundi saa alileta askari wa bunduki. Huyo hakupewa hata kiti. Mimi mwenyewe nikajaribu kuchonga Mwajemi kwa plasta ya kazini. Baba alimtazama akauliza kama huyo ni Mwajemi au ni gego.

Ndipo nikampata karani wa posta. Alikuja kwangu kwa ajili ya meno ya mbele, nikamsimulia shida yangu huku kinywa chake kimejaa plasta, hawezi kujibu. Alipotema akasema yeye ana jeshi. La Wagiriki vilevile. Nikakata tamaa, naye akacheka. Alinieleza kwamba Waajemi walivamia mara chache tu. Waliouana mwaka hadi mwaka ni Wagiriki kwa Wagiriki, mji kwa mji, jirani kwa jirani. Kikulacho ki nguoni mwako, dada, akasema. Nilirudi nyumbani kama niliyeokota lulu.

Baba hakufurahi. Alikiri kwamba karani amesoma, na kwamba hakuna adui wa kweli zaidi ya huyo. Kisha akasema hataki. Nilimbembeleza wiki nzima, Kaka, mpaka nikamwambia anadeka. Hilo nalijutia.

Jumamosi alasiri karani akaja na sanduku lake, wakapanga. Mikuki ileile, kofia zilezile. Ili wasichanganyike, karani alikuwa amewafunga wake uzi mwekundu mkononi. Baba alipouona ule uzi akauliza kama hakuna alama nyingine. Mistari ilipokutana katikati ya meza, uzi ulikuwa umemdondoka askari mmoja. Baba akamwinua, akamgeuza huku na huku, asijue ni wa nani. Akamlaza pembeni, nje ya mistari. Alimwomba karani radhi, akasema amechoka. Karani alipoondoka, Baba aliniambia nifunge mlango, Mama asisikie.

Kaka, kama umesimama, keti.

Tumekua tukiambiwa kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Baba alifundisha katika kambi ya wakimbizi, na kwamba baba yako mzazi, mdogo wake, alipotea njiani akikimbia. Sivyo. Wote wawili walibeba bunduki, kila mmoja upande wake. Magwanda yalikuwa yaleyale, kwa kuwa jeshi lilikuwa moja kabla ya kugawanyika. Kilichowatenga ni kitambaa cha mkononi. Asubuhi moja kikosi cha Baba kilikamata mtu asiye na kitambaa, kwenye tanuri la matofali. Mkubwa wao akawapanga mstari, akauliza kama kuna anayemjua. Alikuwa Baba Mdogo. Wakatazamana. Wiki iliyotangulia, mwenzao aliyemtetea mateka alipigwa risasi pamoja naye. Baba akakaa kimya, wakampiga risasi ukutani palepale.

“Hakuniita,” Baba aliniambia. “Alijua wakisikia wataniua na mimi, akafunga mdomo. Nami nikauacha ufungwe.”

Vita vilipoisha alikwenda kwa bibi kukuchukua, ukiwa na miaka miwili. Nilimuuliza kama alikulea kwa kukupenda au kwa kujuta. Akasema hajawahi kuweza kuvitenganisha.

Aliniomba nisikuambie mpaka afe, akafa wiki tatu baadaye. Yaliyofuata ni kosa langu, si lake. Uliposimama kaburini ukasema hukuwahi kumhitaji baba mwingine, nilikuwa nimekushika mkono, na nilikuwa najua. Ningeweza kukuambia jioni ileile. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uondoke ukiwa bado ndugu yangu.

Wiki iliyopita nilikwenda kule. Tanuri limebomoka, ila ukuta wa nyuma upo. Alipozikwa, kama Baba alivyonielekeza, ni hatua kumi na mbili kutoka kwenye kona, kuelekea mtoni. Sasa ni shamba la mahindi. Mwenye shamba, mama mmoja mpole, amesema hatalima kipande kile mpaka uje. Ukitaka, tutakwenda pamoja. Usipotaka kuniona, yeye atakuonyesha.

Nisalimie wifi, na watoto mmoja mmoja. Mama anakusalimu sana. Anadhani nakuandikia habari za mgongo. Sijui kama bado utaniruhusu kujiita dada yako, kwa hiyo mpaka utakaponijibu ni mimi,

Binti wa baba yako mkubwa