Pipa la Maji Yaliyolazwa

Jumatatu, 3 Februari 2003

Nimebadili theluthi ya maji ya tangi la samaki. Asubuhi nzima, kikombe kwa kikombe. Ndoo siinui tena. Karatasi ya kupimia imegeuka kijani. Nilitaka ifike buluu. Nimeongeza magadi, kijiko kimoja na nusu. Samaki wa ziwa letu wanataka maji magumu. Sponji ya chujio ilikuwa imeziba. Nimeikamua ndani ya maji ya tangi lenyewe, si ya bomba. Klorini ya bomba ingeua vijidudu vinavyokula uchafu. Haya nayajua hata usingizini. Nimefundisha kemia miaka thelathini na moja.

Kikohozi kina damu. Daktari ameacha kunidanganya.

Jumatano, 5 Februari

Mama Riziki ameleta uji. Amefua na shuka. Ni jirani yangu hapa uani, Mkongo wa Uvira, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Tangu nianguke msikitini mwaka jana ananihudumia kama baba yake. Leo amesimulia tena mbele ya Shabani, fundi wa magari.

"Huyu muzee aliniokoa. Bila yeye ningemupa mutoto sumu."

"Basi na mimi uniokoe, Mwalimu," Shabani akasema. "Bibi yangu wa ndoa anapika mboga kama mafuta ya giaboksi."

Wakacheka. Nami nikacheka. Baadaye ule uji nikausukuma pembeni.

Ijumaa, 7 Februari

Niandike, labda ulimi utafuata.

Ni miaka minane sasa. Mtaa umefungwa kwa vita, risasi upande wa Bwiza, mtaa wa jirani, bomba limekauka siku ya tano. Mimi nilikuwa na pipa zima. Lita mia mbili za maji ya bomba, yaliyolazwa siku mbili ili klorini itoke, yakapitishwa kwenye mchanga na makaa. Hakuna maji safi kuliko hayo katika mtaa wetu wote wa Buyenzi. Nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya samaki.

Mama Riziki akaja na chupa ya lita moja. Mtoto wake anaharisha tangu jana. Zahanati ilikuwa imempa pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji. Makaa ya kuchemshia hana.

"Mwalimu, nisaidie maji kidogo ya mutoto."

Nilihesabu haraka kichwani. Nikimpa mmoja watakuja wote, pipa litaisha, samaki watakufa. Nikamwambia: "Hapana, mama. Maji haya yana dawa ya samaki. Yatamuua mtoto."

Hayakuwa na kitu. Magadi yenyewe nilikuwa sijatia.

Aliniamini kwa sababu mimi ni Mwalimu. Akanishukuru. Akateremka hadi mto Ntahangwa, akachota huko, akakoroga pakiti yake. Riziki alikufa siku ya tatu. Alikuwa na miaka miwili.

Jioni ile nilibadili maji ya tangi. Hilo pia niliandike.

Jumapili, 9 Februari

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Mama Riziki. Akaingia, nikaanza kumweleza habari za chujio. Jinsi mkojo wa samaki unavyogeuka sumu, na jinsi mchanga unavyoisafisha. Nusu saa nzima. Akaitikia, "Ehe, Mwalimu. Ehe." Akachukua ndoo ya choo, akaenda kuimwaga.

Mwoga. Mwoga mwenye diploma.

Samaki mmoja amekufa, yule wa mistari. Nilikuwa sijapima maji tangu Jumatatu.

Jumanne, 11 Februari

Kesho Idi. Tangu asubuhi watu wanapita kuombana radhi. Wananiinamia, wananibusu mkono. Shehe naye amekuja. Nimemuuliza kana kwamba nauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Akasema niliyoyajua tangu madrasa: dhambi kati yako na Mungu, tubu kwa Mungu, haki ya mja iko mikononi mwa mja mwenyewe. Asipokusamehe yeye, unaondoka nayo.

Alasiri nikamwambia Mama Riziki. Nilikuwa nimelala, yeye anakunja nguo. Nilisema yote bila kutua. Mikono yake ikaacha kukunja.

"Pipa lilikuwa limejaa?"

"Limejaa."

Aliweka nguo kitandani, akatoka. Hakufunga mlango.

Jumatano, 12 Februari. Idi

Hakuja. Nimesali nimelala. Uji ameleta mke wa Shabani, na kipande cha nyama kisichotafunika kwa meno yangu. Homa.

Ijumaa, 14 Februari

Amekuja baada ya sala ya Ijumaa. Hakuwa peke yake. Shabani na mkewe, mama muuza makaa, wazee wawili wa uani, wote wamesimama chumbani mwangu bila kujua wameitiwa nini. Nilidhani ataniapiza. Akasema kwa sauti ndogo tu:

"Miaka munane nakusifu kwa hawa watu. Nimebeba uongo yako mu kinywa yangu. Uitoe, Mwalimu. Mi siwezi kuitoa."

Nikaitoa. Mbele yao, na jina la mtoto. Kikohozi kilinikatiza mara mbili, akangoja. Mama muuza makaa alifunika uso kwa kitenge. Shabani, mtu wa mizaha, alitazama sakafu hadi mwisho.

Nikamwomba radhi. Niliiomba kwa kilio, kama anayedai.

"Musamaha sina," akasema. "Nikiupata, nitauleta."

Wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyenipa mkono.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeona aibu kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuona akabaki anapumua. Nimemwita Shabani dirishani. Amehamisha samaki kwenye madumu, amewapeleka ziwani kwa gari la mteja. Hakunitania, nami sikumtazamia anitanie.

Jumapili, 16 Februari

Asubuhi tulivu. Milimani pia bunduki hazijalia. Chumba kinasikika kikubwa bila mlio wa pampu ya tangi.

Nimemsikia uani akipanga ndagala zake kwenye beseni. Amepita karibu na mlango wangu. Nilitaka kumwita, lakini jina ninalomwitia ni la mtoto.

Hatua zake zimeelekea sokoni.