Visanduku Ulivyomchapia Mama

Mpendwa mchumba wangu wa zamani,

Hilo "mpendwa" limo kwa sababu barua huanza hivyo, usilipe uzito. Nimeona mtandaoni kwamba siku hizi huko Dar unajiita mtaalamu wa Kijapani, na tai umefunga. Nilicheka mpaka mteja wangu akaniuliza kama niko salama. Ndipo nikaona nikuandikie hadharani, maana na wewe unajisifu hadharani.

Nakukumbuka kwenye kibanda chetu cha hapa Morogoro, pale Msamvu, simu mkononi. Tulisoma Kijapani pamoja chuoni, mimi nikisoma na wewe ukisaini mahudhurio, kisha tukafungua kazi ya kutafsiri: karatasi za magari yaliyotoka Japani, vitabu vya pawatila, yale matrekta madogo ya kusukumwa kwa mkono, redio za gari zinazoongea zenyewe huku mwenye gari hajui anaambiwa nini. Mimi nilikuwa natafuta kwenye kamusi neno kwa neno. Wewe ulikuwa unaipiga karatasi picha, programu ya simu inatafsiri, na unamsomea mteja chochote kilichotoka. Yule mzee wa Mikese ulimwambia kitabu cha pawatila yake kinaagiza mafuta yapumzishwe kwa heshima. Ulimwambia kwa sauti nzito, bila hata kupepesa macho.

Nilikufundisha kuandika, unakumbuka? Mvua ilikuwa inanyesha, wateja hakuna, tumekaa benchi moja. Nikakuonyesha kwamba unaandika kwa herufi zetu hizi hizi, programu inazigeuza kuwa za kwao, halafu unabonyeza kitufe cha spesi na inakuletea maneno yote yanayotamkwa hivyo ili uchague lako. Ukaandika jina langu, ukanigeuzia kioo cha kompyuta, ukasema, "Hata huku umependeza." Siku hiyo nilikupenda kweli, siwezi kukataa.

Lakini kuchagua hukujifunza. Ulibonyeza mara moja na kuchukua neno la kwanza, basi. Ndiyo maana uliwaandikia wauzaji wa printa yetu kwamba mashine yao inatafuna miungu, ulipotaka kusema karatasi, maana kwao hayo mawili yanatamkwa sawa. Walijibu kwa adabu sana. Mimi nilitaka kuingia chini ya meza, wewe ukasema si wameelewa.

Hayo yote ningekusamehe. Uvivu wako nilishauzoea, na ujinga wa kujitakia nao nilishauzoea. Ninalokuandikia ni la Mama.

Harumi hukumkuta. Alikuwa dada wa Kijapani aliyekuja kijijini kwetu Kinole kufundisha kilimo cha mboga, akakaa kwetu, akalala chumba kimoja na mimi, na Mama akawa anamwita mwanangu. Wewe ulimsikia akitajwa kila ulipopanda mlimani kutusalimia. Zilipofika habari kwamba Harumi amefariki kwao, Mama alilia kama aliyezika. Na kwetu mtu akifiwa unakwenda. Ukishindwa, unamtuma mtu na maneno yako, na huyo mtu anayafikisha kama yalivyotoka mdomoni mwako, hapunguzi wala haongezi. Mama akateremka mjini na maneno yake kwa ajili ya mama yake Harumi. Mimi siku hiyo nilikuwa Ngerengere kwa mteja, naye hakutaka pole yake ilale, kwa hiyo mtu aliyetumwa ukawa wewe. Najua shikamoo yako ilikuwa tamu. Hiyo hukuwahi kukosea.

Alikuambia hivi: "Mwandikie mama mwenzangu kwamba mtoto wake hakulala njaa kwangu. Alipougua nilimkanda kwa mikono yangu. Mwambie pole, alikuwa wetu wote wawili."

Ukayatia kwenye programu, ikakutolea Kijapani chake, ukakibeba kwenye flashi mpaka stationari ya jirani, maana printa yetu ilikuwa bado inatafuna karatasi. Kompyuta yao haikuwa na fonti za Kijapani. Kila herufi ikatoka kisanduku kitupu, ukurasa mzima visanduku. Nilikueleza mpaka nikachoka kwamba faili lihifadhiwe pamoja na fonti zake kabla halijaenda kwenye kompyuta ya watu. Na hata kama ulisahau, ungemwambia Mama asubiri kidogo. Lakini Mama alikuwa amesimama pale anakutazama kama mkwe msomi, na wewe ukaona aibu kusema umeshindwa. Ukaitia karatasi kwenye bahasha, ukaandika anwani iliyokuwa kwenye vifurushi alivyotumiwa Harumi kutoka kwao, nyuma jina la Mama na anwani yetu, mkaenda posta.

Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena kwa kukusifu. "Mwenzako hodari. Kumbe wale wanaandika visanduku tu, na akanionyesha jina langu lilipo."

Kidole chako ulikiweka kwenye kisanduku kipi? Nilipokuuliza ulicheka, ukasema, "Mama yako hajui Kijapani, na yule bibi hajui Kiswahili. Sasa nani kaumia?" Pete nilikuachia pale pale mezani, na ulivyo, nadhani ulifikiri nimeisahau.

Ulipokwisha kuhamia Dar, jibu likaja. Limeandikwa kwa mkono, mwandiko wa kizee, maneno mengine nimelazimika kuyachora kwa kidole kwenye simu ili kamusi iyatambue. Mama yake Harumi anasema: "Nimepokea barua ya mama wa huko, kwa maandishi yenu. Siwezi kuyasoma, lakini mistari yake imenyooka na imetulia. Nimeiweka kando ya picha ya mwanangu, na kila asubuhi naiinamia. Naomba mtu anisomee."

Maandishi yetu. Ulimwambia Mluguru visanduku ni Kijapani, na Mjapani akaamini visanduku ni Kiluguru. Katika maisha yako yote hakuna kazi yako iliyowahi kuheshimiwa, isipokuwa hiyo.

Nilipanda Kinole nikamwambia Mama kwamba mwenzake anaomba asikie tena. Akafurahi, akasema maneno yale yale, hakupunguza wala hakuongeza. Nikayaandika mwenyewe. Kwa "mama mwenzangu" peke yake nilikaa asubuhi nzima, nikibonyeza na kukataa. Nikahifadhi faili na fonti zake, nikalifungua stationari, nikasoma mstari kwa mstari kwenye karatasi kabla ya kuituma.

Ameijibu. Anasema amelia, na sasa barua zote mbili ziko pamoja kando ya picha. Ila ana swali moja: ile ya kwanza nayo inasema hivyo hivyo?

Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta. Nikaandika ndiyo kwa Kijapani, nikabonyeza spesi nitafute kama kuna jingine. Programu ikaniletea majivu. Nikabonyeza tena, ikaniletea mapafu. Nikaizungusha orodha yote mpaka ikarudi ilipoanzia, na kila nilipofikiria kumwambia mfiwa kwamba ameinamia karatasi tupu, mkono ulikataa. Mwisho nikachukua lile la kwanza, ndiyo, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Mama bado anakuulizia, anasema ukija atakukatia mkungu wa ndizi. Usije. Kaa huko huko na tai yako.

Aliyekuwa mchumba wako,
Morogoro