Kile Kidogo cha Dianah

Witeithie,
S.L.P. 318,
Thika.

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mbinya, Dianah anaenda Uhispania. Tiketi nimeishika kwa mikono yangu hii, nikaikagua mbele na nyuma.

Sasa nikusalimu. Mpendwa mdogo wangu, hamjambo huko Lodwar? Joto linawatendea vipi? Na kifua cha shemeji Muoki kimetulia? Sisi huku ni wazima. Goti langu tu ndilo hulalamika asubuhi. Uji bado nauza pale lango la kiwanda cha njugu za makadamia, na Dianah bado yuko ndani, meza ya kuchambua, mwaka wa nne sasa.

Unajua amekuwa akienda Ruiru kila Jumamosi kusoma Kihispania. Alisikia wanunuzi wapya watatoka Uhispania na kiwanda kitataka mtu wa kuzungumza nao. Watu wa hapa walicheka, wakaniuliza kama ameposwa na Mzungu. Niliwaambia kichwa cha mtoto wangu hakishibi makadamia.

Mwalimu wao ni Sumeya, mama wa hapa Thika aliyeishi Uhispania miaka mingi. Yeye husema waliolelewa kwa Kiingereza huona kusoma ni rahisi, kwa sababu maneno mengi makubwa yanafanana, hospitali ya huku ni hospitali ya kule. Shida yao ni mdomo. Kiingereza kimewazoesha kumeza sauti, na Kihispania kinataka kila a na kila o itoke nzima. Tena kule meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, na kitendo hubadilika kufuata anayetenda. Wenye Kiingereza pekee hushika kichwa. Dianah aliona hayo ni kama ya Kikamba cha nyumbani.

Hata mimi, niliyeishia darasa la saba, nilikuwa namshikia kitabu jikoni namsomea kwa sauti huku maharagwe yakichemka. Sielewi neno, lakini nasoma, maana kinasomwa jinsi kilivyoandikwa. Ila h hawaitamki, na j ni kama unasafisha koo. Siku moja aliniambia, "Mwaitu, unasoma kumshinda Kitonga." Sikushangaa.

Huyo Kitonga ni karani wa ofisini, mtoto wa mwalimu mkuu, aliyelelewa Ruiru kwa Kiingereza kitupu. Hata Kikamba cha kuomba maji hana. Walikuwa darasa moja kwa Sumeya. Ni kijana mzuri, na kwa kuandika alimpita Dianah, siwezi kuficha.

Mwezi wa nane wakaitwa intavyu ya hiyo kazi ya kuzungumza na wanunuzi. Meneja Macharia akamuuliza kila mmoja anajua Kihispania kiasi gani. Kitonga akasema anakijua vizuri sana. Dianah akainamisha macho akasema, "Kidogo tu." Macharia akaandika kidogo. Kazi ikaenda kwa Kitonga.

Nilimuuliza, "Nani alikutuma kusema hivyo?"

"Susu," akasema.

Mbinya, bibi yake ndiye aliyemtuma. Mama yetu, Mungu amrehemu, si ndiye aliyetulea hivyo? Mtu hajisifu, husifiwa na wa kwao. Jumamosi za miaka mitatu zikawa zimepotea kwa sababu mtoto alilelewa vizuri.

Basi nikaona wa kwao ni mimi. Kila asubuhi Macharia akija kunywa uji, nilimwambia habari za Dianah. Akazoea. Siku moja akasema, "Mama Dianah, wewe ukiulizwa, hata kuku wako wamesomea Uhispania." Nikamwongezea uji.

Mwezi uliopita mnunuzi mwenyewe alikuja, mzee wa nywele nyeupe. Haya nimeambiwa na wanawake watatu wa meza ile, kila mmoja kwa wakati wake, kwa hivyo ni kweli. Mzee alisimama pale akauliza kwa nini njugu nyingine zina madoa. Kitonga akaomba arudie, akaomba tena, kisha akasema ndiyo. Mzee akabaki anamtazama. Dianah, bila kuinua mikono kutoka kwenye makadamia, akamjibu: haya madoa ni ya mdudu, haya ni ya unyevu, za mdudu tunatupa, za unyevu tunakausha. Mzee akavuta kiti. Wakaongea mpaka kengele ya chakula.

Macharia akamwambia, "Dianah, si ulisema unajua kidogo tu?"

"Ndiyo," akasema. "Hicho ndicho kile kidogo."

Sasa mzee amemwomba akae miezi mitatu katika ghala lao Valencia, awafundishe watu wao kuchambua, na akirudi ile kazi ni yake. Barua ataendelea kuandika Kitonga. Yeye mwenyewe alikuja kwa kibanda kunipa pongezi, nikampa kikombe bila malipo.

Anaondoka Jumanne tarehe mbili Desemba. Kabla ya hapo tutamwombea hapa nyumbani. Najua watu watamwambia azungumze Kihispania kidogo, na najua atainamisha macho aseme hajui sana. Mimi peke yangu wameshazoea kunisikia, hawaniamini tena. Nahitaji wa kwao wengine.

Msalimie shemeji Muoki, na mwanao Mwas, na yule mdogo ambaye bado sijamwona. Mungu awafunike na awape safari laini, kwa sababu hata udhuru sitapokea. Maombi ni Jumamosi, tarehe ishirini na tisa Novemba. Mje nyote.

Ni mimi dadako akupendaye na asiyekusahau,
Nduku, Mama Dianah