Leyeti ya Mtoto Asiyekuwepo

Jumatatu, 4 mwezi wa tatu

Asubuhi nafuma triko, sweta ya katekista, mchana naandika hadithi. Triko ni ya kijivu, kama mahubiri yake. Nimefika kwapani, pale pa kupunguza mishono, nikaacha.

Hadithi nayo imekwama. Mlinzi wangu yuko ufukoni, ziwa limepanda mpaka milangoni mwa watu, ameona beseni inaelea, ndani mna mtoto. Najua, najua, Musa alitangulia. Musa hakununua mabeseni yote.

Shida ni hii: mlinzi anataka kumvika mtoto, na mimi siwezi kuandika kazi ambayo mikono yangu haijaifanya. Ndivyo nilivyo. Nilipoandika habari za mtu anayechonga mtumbwi, nilishika shoka mwenyewe na kidole kikaniambia kwaheri nusu. Kufuma, angalau, najua. Nilijifunza kambini ng'ambo ya ziwa, wakati wa ukimbizi, kati ya wanawake, maana wanaume walikuwa wanacheza karata na kulia. Basi nimetoa uzi mweupe, nimeanza leyeti nzima, nguo za mtoto mchanga: kofia, soksi, kikoti. Nikijua mshono gani unamchosha mlinzi, nitajua anawaza nini akichoka.

Mama Neema, bibi yangu wa ndoa, ametoka soko. Ameona uzi mweupe. Ameuliza hiyo ni ya nani. Nikacheka: "Utajua siku yake."

Hakucheka. Si kawaida yake.

Jumatano, 6

Kisigino cha soksi. Nimekifumua mara nyingi mpaka uzi ukaota manyoya kama paka aliyenyeshewa. Lakini mlinzi amepata ukurasa mzima wa kisigino, na ni ukurasa mzuri. Nimeusoma kwa sauti ndogo nikajipenda.

Sijamwambia mtu. Hadithi ya mamba niliwahi kumwanzia baba Jolie, jirani, fundi wa pikipiki, tukinywa kasiksi, pombe ya ndizi. Nikafika katikati, nikanyamaza kidogo ninywe. Akaimalizia yeye. Vibaya sana, mamba akaokoka na kubatizwa. Watu wakampigia makofi! Tangu siku ile hakuna kitu kinatoka kinywani mwangu kikiwa nusu. Hata kwa bibi yangu. Hasa kwa bibi yangu. Hadithi ikiingia sikio lake asubuhi, mchana inauzwa pamoja na ndagala, dagaa wake wa sokoni.

Mtu amepekua kikapu changu. Uzi wa kijivu ulikuwa juu, sasa uko chini. Na kofia nyeupe inanuka ndagala. Nyumba hii ina mtu mmoja tu mwenye harufu hiyo.

Anatafuta nini?

Jumapili, 10

Misa. Usingizi wangu ulikuwa mzuri, mahubiri yalikuwa marefu ya kutosha.

Nje, wanawake wamekusanyika pale ukutani. Nilipopita, kimya. Mimi ni mzee, nakijua kimya cha wanawake. Kimya chao kina anwani. Leo anwani ilikuwa mimi.

Katekista akanishika mkono, eti triko iko wapi. Nikasema iko njiani, kwanza namaliza ya mtoto. Akarudi nyuma hatua moja. "Muzee! Kumbe bado uko na nguvu!" Nilidhani anasifu vidole vyangu. Nikamjibu nguvu iko, tena Mungu anaongeza. Mama mmoja akajipiga ishara ya msalaba.

Kuna jambo. Nalisikia kama panya darini: simwoni, lakini yuko.

Jumanne, 12

Bibi yangu anauza samaki, na mimi nimekula bugali na sombe kavu, majani ya mhogo bila hata samaki mmoja. Nikauliza. "Ni Kwaresima, baba Neema." Sawa. Lakini nyuma ya jiko nimekuta mifupa ya mukeke, samaki mtamu wa ziwa letu, na mimi sikuzaliwa jana. Mukeke mzima. Hata kichwa alinyonya.

Baada ya chakula amevaa kitenge cha sikukuu akatoka bila kuaga. Nikamfuata. Niko na goti moja la kweli na moja la kuazima, sikwenda mbali, lakini niliona anapokata kona. Njia ile inakwenda materinite tu, kwenye wodi ya wazazi.

Hana mtu pale. Neema wetu yuko Bujumbura, ameshafunga uzazi. Basi anakwenda kwa nini? Mgonjwa? Wanawake wa umri wake wanaficha ugonjwa kama wanavyoficha mukeke.

Nimerudi, nimeshika kikoti, nimedondosha mshono, sikuuona mpaka safu ya mbali. Nimefumua. Asubuhi nilimshuku kwa hasira. Sasa namshuku kwa hofu. Ya pili haina ladha.

Hadithi sikuiandika.

Ijumaa, 15

WEZI.

Jana nilimaliza leyeti. Nikaipanga juu ya kiti, kofia, soksi mbili, kikoti chenye kifungo cha mfupa, niiangalie huku naandika. Asubuhi kiti kitupu. Triko ya katekista imeachwa palepale. Mwizi huyu ana macho.

Nimemtuhumu baba Jolie kupitia uzio. Akaniuliza aifanyie nini kofia ambayo haiingii hata gotini kwake. Nimemtuhumu mbuzi wake. Mbuzi alinitazama vizuri kuliko bwana wake.

Mwisho nimemuuliza mama Neema. Alikuwa anajifunga mtandio. Akasema, bila kugeuka: "Vitu vimefika kwa mwenyewe."

Akaenda soko.

Mwenyewe ni mimi! Mimi niko hapa!

Jumamosi, 16

Acha niandike polepole, nisiruke kitu.

Nilikuwa uani, wakaingia wanawake wawili. Wa kwanza mama mtu mzima, shangazi, wametoka Nyakabere. Wa pili binti wa ndugu yake, Sifa, kijana kabisa, uso bado umevimba kwa uzazi. Mgongoni mtoto. Kichwani pa mtoto, kofia yangu.

Nikasema moyoni, mlinzi ametoka kwenye karatasi, nimekwisha kuwa mwendawazimu.

Shangazi akakaa bila kukaribishwa. "Muzee, shiye hatukuje na vita. Tumekuja kuona uso wa baba ya mutoto."

Baba Jolie alikwisha kufika kwenye uzio, spana mkononi, kama mtu anayefanya kazi. "Uso ni huo, mama. Mutoto aliponea, hakuufuata."

Hapo nikaelewa. Wiki mbili nzima, panya wa darini, na mimi ndiye niliyekuwa panya.

Kwetu mwanaume hahitaji kusaini. Akipeleka leyeti materinite, amekubali mtoto. Ndivyo ilivyo, kila muganga na kila mpika uji wa pale anajua: nguo zimefika, baba amepatikana. Asiyeleta, amekana. Na mimi nimekaa hapa mbele ya dunia nzima, mzee mwenye meno ya kuhesabika, nafuma leyeti nyeupe nacheka peke yangu! Mama Neema akaona, akameza. Akaenda materinite kwa kitenge cha sikukuu kuuliza ni binti gani amezaa bila mwanaume kutokea. Wakamwonyesha Sifa. Mtoto amefungwa kwenye kipande cha pazia. Basi akarudi, akachukua leyeti kwenye kiti, akampelekea. Akasema: imetoka kwa baba Neema.

Aliniibia ili kunilipia dhambi. Sijui kama nimewahi kupendwa vibaya namna hiyo.

Sifa alinitazama muda. Halafu akasema chini chini, "Shangazi, minye simujue huyu muzee. Sijamuona hata siku moja."

Watu wote wakamgeukia mama Neema, pale mlangoni na mwiko. Nikamwona anaelewa. Alipungua. Mwanamke ambaye sauti yake inavuka soko zima, akawa mdogo kama kikombe.

Neno la kumcheka nilikuwa nalo. Lilikuwa tamu, lilikuwa kwenye ulimi, baba Jolie angelirudia mpaka Pasaka ya mwaka ujao. Lakini ningelitupa, lingempata bibi yangu, likapita, likampata na yule binti ambaye angerudi Nyakabere bila baba mara ya pili. Nikalimeza.

Nikasema: "Nguo ni zangu, nimezifuma kwa mikono hii. Baba wa mtoto simjui. Lakini mtoto havuliwi kofia uani kwangu. Mama Neema ndiye aliyemvika. Basi mtoto huyu ana wazee wake Uvira, na wazee ni sisi."

Shangazi alitafuna maneno yale kama mhogo usioiva. Akamtazama mama Neema. Halafu akaomba maji ya kunywa. Akayanywa yote. Nikajua yameisha.

Mama Neema akapika mukeke. Nilipewa kichwa.

Jumapili, 17

Hayajaisha.

Ameondoka. Asubuhi, mfuko mmoja, kwa dada yake Makobola. Alisimama mlangoni akaniuliza: "Kama si ya Sifa, ni ya nani?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba naandika hadithi. Kwamba kuna mlinzi, na beseni, na mtoto, na siwezi kuandika kazi bila kuifanya. Nilivyosikia maneno yanatoka kinywani mwangu, mimi mwenyewe niliyashuku.

Akanitazama kama mteja aliyeletewa samaki wa juzi. "Muntu muzima hafumie hadithi soksi."

Miaka yote nimemchekesha kwa uongo, akaamini. Siku ya ukweli, amepanda pikipiki.

Jumanne, 19

Nyumba inaongea. Sufuria linashuka lenyewe.

Nashuku kila kitu. Namshuku shemeji wa Makobola, huyo dada yake, hakunipenda tangu posa, alisema macho yangu yanacheka wakati mdomo unaomba. Nashuku kwamba huko kuna mjane mwenye mitumbwi. Namshuku katekista, amepita leo na kunipa pole, na pole yake ilikuwa na furaha ndani.

Nimefuma safu mbili za triko yake nikazifumua. Nimeandika mstari mmoja nikaufuta. Kumbe nilidhani nina kazi mbili. Nilikuwa na mtu mmoja anayepita kati ya hizo mbili na beseni kichwani, akilalamika. Bila yeye sifumi wala siandiki. Nakaa tu.

Nimefunga mfuko. Triko ndani, sindano ndani, karatasi za mlinzi ndani. Kama ananifukuza, anifukuze nimekwisha kumsomea.

Alhamisi, 21

Makobola. Goti la kuazima limekufa kwenye mashimo ya barabara ya Fizi, nimeshushwa kwenye pikipiki kama gunia la mhogo.

Shemeji amenipa kiti kibovu. Sikusema kitu, nimekikalia kwa heshima.

Mama Neema alikuwa anaanika ndagala mchangani. Hakugeuka. Nikatoa karatasi nikaanza kusoma, pale pale, jua kali, kuku wanapita. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Nimesoma madarasa manne tu, na hata mwandiko wangu mwenyewe unanigomea.

Nikasoma ziwa linavyopanda. Akageuza samaki. Nikasoma beseni. Akageuza samaki. Shemeji akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba Uvira wazee wanaachwa bila dawa.

Nikafika kwenye kisigino. Mlinzi anafuma, anakosea, anafumua, anamtukana kondoo aliyetoa sufu na mama wa kondoo, anaanza tena, kwa sababu mguu ni mdogo na upepo ni wa kweli. Matusi yale ni yangu. Mama Neema aliyasikia Jumatano ile kutoka jikoni, neno kwa neno.

Mkono wake ukasimama juu ya samaki.

Sikuinua macho. Niliogopa. Nikasoma mpaka karatasi ya mwisho iliyoandikwa, na baada yake ilikuwa karatasi nyeupe, nikaisoma hiyo pia, yaani nikakaa kimya nimeishika.

Alikuja akakaa mchangani, si karibu sana. Hakusema ananisadiki. Alisema, "Kuku wanakula ndagala," na akaenda kuwafukuza, na akarudi palepale.

Ijumaa, 22

Asubuhi, chai. Ziwa limetulia.

Akauliza: "Na mama yake huyo mutoto, yuko wapi?"

Sikuwa na mama. Kurasa zote zile, mlinzi, beseni, soksi, na sikufikiri hata mara moja kwamba mtu amempoteza yule mtoto. Nikamwambia sijui.

Akanitazama. Halafu akaanza kusema, huku anageuza samaki. Mama yule yuko hai. Anatembea ufukoni tangu maji yashuke. Hamuulizi mtu habari za mtoto, anaogopa jibu. Anauliza kila nyumba ni nani anafulia kwenye beseni ambayo si yake.

Nikaandika. Nikamsomea. Akasema neno moja si zuri, nikalibadilisha. Akaendelea.

Shemeji ametuletea mihogo bila kugomba.

Habari za kurudi hatujazisema. Mfuko wake uko mlangoni, karibu na wangu.