Risasi Hatulii Tangu Msiba

Jumatano, baada ya Isha

Risasi ametafuna mlango wa ua mpaka fizi zikatoka damu. Nilidhani ni njaa, nikamwongezea wali na dagaa. Hakugusa. Mbwa wa kuwindia hutulizwa na mbio, na aliyekuwa akimkimbiza kila alfajiri kutoka hapa Ganjoni mpaka Mbaraki, mume wangu, tumemzika. Mimi niko edani. Bado miezi miwili sitoki nje.

Leo alikuja shemeji yangu Faraji, akazungumza nami akiwa nje ya mlango. "Shemeji, mpe yule rafiki yangu mwenye shamba. Wallahi huyu si mbwa, ni pikipiki yenye mkia!" Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha nikaona haya.

Nikimzuia, namtesa. Nikimtoa, nyumba hii...

Nimekubali achukuliwe kesho. Ila sikumwambia Faraji kwamba alipopiga hodi, kwa ile sauti yake iliyo sawa na ya nduguye, Risasi aliinua mguu mmoja akaganda akiukabili mlango, kama afanyavyo akinusa kwale. Nami niliganda vilevile, bakuli mkononi.